Fundi wetu dawa yake ni moja: kupiga Windows upya. Nitajuaje kama anatengeneza?

Swali: Ninasimamia utawala katika ofisi yenye kompyuta 18. Tuna mkandarasi wa IT tunayemlipa kila mwezi, na kila akija kuna nyongeza ya malipo ya kazi. Mashine ikiwa nzito, ikizima yenyewe au ikikataa intaneti, anaichukua, anapiga Windows upya, anairudisha baada ya siku mbili tatu. Wiki mbili haziishi, tatizo limerudi. Juzi mhasibu wetu amepoteza faili zake, akaambiwa diski ilikuwa na virusi. Mimi si fundi. Nitajuaje kama kazi inafanyika au tunachezewa, na nimdai nini?

Jibu: Tuanze na faili za mhasibu, maana hilo halisubiri. Kama mashine yake bado inatumika, izimwe sasa hivi na isiwashwe mpaka ijulikane ndani yake kuna diski ya aina gani na kama ilifomatiwa kweli. Ikiwa ni hard disk, yaani diski ya kuzunguka, na ilifomatiwa kwa haraka tu, data ya zamani bado ipo palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila barua pepe inayoingia na kila sasisho la Windows linamega kipande. Ikiwa ni SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), habari ni mbaya zaidi: Windows inapofomati huituma amri ya TRIM, yaani huiambia SSD kwamba nafasi ile haina mwenyewe tena, na SSD huisafisha yenyewe. Programu ya kufufua faili ikifika hapo mara nyingi haikuti kitu.

Kuna sehemu moja husahaulika. Kama fundi hakufomati bali alisakinisha Windows juu ya ile ya zamani, tafuteni folda `C:\Windows.old`, kisha ndani yake `Users`. Huenda kila kitu kimo. Folda hiyo haidumu, Windows huifuta yenyewe baada ya muda, kwa hiyo nakilini leo. Vinginevyo diski itolewe, ifungwe kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, na kinachopatikana kiandikwe kwingine kabisa. Msisakinishe programu ya kufufua kwenye diski ileile iliyopoteza faili.

Na lile jibu la virusi halijibu kitu. Diski hata ikijaa virusi, faili za kazi hunakiliwa kwanza ndipo ifomatiwe. Muulize: nakala ulichukua lini, na iko wapi? Asipokuwa na jibu, tatizo lilikuwa mkono wake.

Sasa hilo la kupiga Windows kila siku. Kazi yenyewe si dhambi. Mashine iliyoingiliwa na virusi kweli kweli, au ambayo faili za mfumo zimeharibika na amri `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` ikifuatiwa na `sfc /scannow` zimeshindwa kuzirudisha, isakinishwe upya na mambo yaishe. Ila laptopu inayozima kwa sababu ya joto itazima ikiwa na Windows ya jana, na itazima ikiwa na Windows ya leo.

Kwa nini basi inaonekana imepona wiki mbili? Kwanza, programu zote zilizokuwa zinajiwasha zenyewe zimeondoka, kwa hiyo hata mashine mbovu inakuwa nyepesi kidogo. Pili, kama diski ina sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data), kuandika upya huifanya diski yenyewe izihamishe baadhi ya sekta hizo kwenda kwenye akiba yake, na mfumo mpya hukaa kwenye maeneo mengine. Data ikishaongezeka, mfumo unarudi kukanyaga maeneo dhaifu. Mteja anaona ugonjwa mpya, kumbe ni uleule.

La kuudhi zaidi ni kwamba kupiga Windows kunafuta ushahidi. Windows huandika kila hitilafu kwa tarehe na saa, na daftari hilo limo kwenye diski hiyohiyo inayofomatiwa. Kwa hiyo kabla mashine haijatoka mlangoni, fanya haya mwenyewe, hayahitaji ufundi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `perfmon /rel`. Itatokea chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu siku mambo yalipoharibika. Piga picha. Kisha andika `eventvwr.msc`, fungua Windows Logs, halafu System, bonyeza hapo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Save All Events As, uhifadhi faili hiyo kwenye flashi. Sasa hata akifomati, unayo.

Ndani ya daftari hilo, kwenye safu ya Event ID, kuna namba chache zinazotosha kukuonyesha njia. Namba 7 kutoka chanzo kinachoitwa disk inamaanisha diski imekuta sehemu isiyosomeka. Namba 153, kutoka chanzo hichohicho, ni ombi la kusoma au kuandika ambalo ilibidi lirudiwe. Moja kwa mwaka si kitu, ishirini kwa siku ni tatizo la diski, waya au kidhibiti. Ukiona chanzo kinachoitwa WHEA-Logger, prosesa au mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imeripoti hitilafu ya kifaa, si ya programu.

Namba 41 ya Kernel-Power ndiyo inayowapotosha mafundi wengi: wakiiona tu wanatangaza pawa sapulai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme) imekufa. Haisemi hivyo. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Fungua sehemu ya Details, tazama BugcheckCode. Ikiwa si sifuri, kulikuwa na skrini ya bluu, na namba hiyo ndiyo ya kufuatilia (hapo imeandikwa kwa desimali, hesabu yetu ya kawaida ya kumi, wakati kwenye skrini ya bluu huandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita, usishangae zisipofanana). Ikiwa ni sifuri, umeme ulikatika, mtu alishikilia kitufe, joto lilizidi, au mashine iliganda kabisa. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanzia.

Diski inastahili dakika kumi zako. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea yenyewe. Kwa diski ya kuzunguka, tazama mistari minne: 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, yaani zilishindwa kusomeka, C6 ni zilizoshindikana, C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi. Tahadhari mbili hapa. Programu hiyo huonyesha namba ghafi kwa heksadesimali isipokuwa uibadilishe kwenye mipangilio, kwa hiyo 10 unayoiona ni 16. Na diski za Seagate huonyesha namba kubwa ajabu kwenye 01 na 07. Huo ni utaratibu wao wa kuhesabu, usimruhusu mtu akuuzie diski kwa sababu hiyo.

C5 ikiwa juu ya sifuri na inapanda wiki hadi wiki, diski hiyo inaaga. C7 ikipanda, badilisha waya wa SATA (unaounganisha diski na mazabodi) kwanza, maana waya ni kitu kidogo. Hesabu ya C7 hairudi sifuri hata waya ukiwa mpya. Unachotazama ni kama imeacha kupanda. Kwa SSD za NVMe (zinazochomekwa kwenye mazabodi bila waya), tazama Percentage Used (uhai uliokwisha kutumika), Available Spare (akiba iliyobaki), na makosa ya Media and Data Integrity, ambayo yanatakiwa kuwa sifuri.

Diski ikishaonyesha dalili, mpangilio wa kazi ndio unaomtofautisha fundi na mbahatishaji. Mbahatishaji anaanza na `chkdsk /r`, amri ya Windows ya kukagua diski. Amri hiyo inasoma diski nzima sekta kwa sekta na kubadilisha mambo njiani. Diski dhaifu inaweza kufia humo, pamoja na faili zako. Fundi ananakili kwanza. Kwenye mfumo wa Linux unaowashwa kutoka kwenye flashi, programu ya ddrescue hufanya kazi hiyo kwa raundi: ya kwanza `ddrescue -f -d -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.log` huchota vilivyo vizima na kuruka pagumu, ya pili hutumia `-r3` badala ya `-n` kurudia pagumu mara tatu. Faili ya ramani ndiyo roho ya kazi. Kazi ikikatika, inaendelea pale ilipoishia. Diski ya kupokea iwe na ukubwa uleule au zaidi. Na kabla ya kubonyeza Enter, `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` isomwe taratibu kwa kulinganisha na stika za diski zenyewe, kwa sababu kugeuza chanzo na mpokeaji ni kuandika utupu juu ya data, na hakuna wa kuirudisha.

Jambo jingine linalomaliza data siku hizi ni BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa ufunguo wa siri. Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski bila mtumiaji kujua. Fundi akibadilisha mazabodi, akigusa mipangilio ya TPM (chipu ya usalama) au kufuta vitu kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwepo, data imekwenda. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`, uchapishe ufunguo na kuufungia kabatini. Fanya hivyo kwa zote 18.

Mashine inayozima yenyewe, hasa laptopu, kwa kawaida ni joto. Programu ya HWiNFO itaonyesha nyuzi joto za prosesa. Ikigonga 95 hadi 100 na kasi kushuka, jibu liko ndani ya feni. Ukifungua laptopu ambayo haijawahi kusafishwa utakuta kati ya feni na mapezi ya shaba kuna utando wa vumbi uliojishika kama kipande cha blanketi, na hewa haipiti kabisa. Kupuliza kwa nje kupitia matundu hakuutoi, kunaukandamiza tu. Feni ifunguliwe, utando utolewe kwa mkono, feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza. Pesti iliyokauka juu ya prosesa ifutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ipakwe mpya kiasi cha punje ndogo, na skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake. Kabla ya yote hayo betri ichomolewe kwenye mazabodi. Fundi anayegusa ndani ya laptopu betri ikiwa imeunganishwa, mzuie. Na skrubu hazilingani urefu: ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inatoboa kasha au inapasua njia za umeme kwenye bodi. Laptopu ikirudi na kauvimbe kadogo karibu na kibodi, unajua kilichotokea.

Kwa kompyuta za mezani, pawa sapulai ipimwe kwa mita mashine ikiwa na mzigo. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini: waya wa volti 12 uwe kati ya 11.4 na 12.6, wa volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Kuiwasha peke yake juu ya meza kwa kipande cha waya mpaka feni yake izunguke hakuthibitishi chochote.

RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni rahisi kuipima: programu ya MemTest86, raundi nne, kwa kawaida usiku kucha. Kosa moja linatosha kuikataa. Hakuna RAM yenye "makosa machache".

Kuhusu intaneti, kuna kisa kimoja kinachopigiwa Windows bure kabisa. Kompyuta ya mezani inachomolewa mwisho wa wiki, Jumatatu kurasa zote zinakataa kufunguka zikilalamikia usalama. Tazama saa kwenye kona ya skrini. Tarehe imerudi miaka nyuma kwa sababu betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi imekwisha, na vyeti vya usalama vya tovuti havikubaliki kwa tarehe hiyo. Betri mpya ni volti 3 na kidogo. Ikisoma chini ya 2.8, badilisha. Windows haihusiki hata chembe.

Kama tarehe ni sahihi, andika `ipconfig` kwenye Command Prompt. Anwani ikianza na 169.254, mashine haikupewa anwani na rauta: waya, tundu la ukutani au rauta yenyewe. Ikiwa anwani yake ni ya familia tofauti na ya jirani yake (tarakimu za mwanzo hazifanani), mara nyingi kuna mtu amechomeka rauta ya pili kwenye swichi ya mtandao ili apate Wi-Fi karibu na meza yake, nayo inagawa anwani kivyake. Mtandao ukiwa na kasi ya Mbps 100 badala ya 1000, mara nyingi kichwa cha waya kimebanwa vibaya: 100 inatumia nyuzi nne, 1000 inataka zote nane.

Sasa madai yako. Kila mashine inayotengenezwa irudi na karatasi moja: dalili ilikuwa nini, chanzo kilichopatikana ni kipi, kipimo gani kilionyesha hivyo, kilichofanyika, na kipimo baada ya kazi. Picha ya CrystalDiskInfo, picha ya MemTest86, nyuzi za joto kabla na baada. Karatasi ikisema "tumefanya matengenezo ya jumla", hakuna kilichofanyika. Kwenye mkataba andikeni kwamba tatizo lilelile kwenye mashine ileile ndani ya siku 30 halilipiwi. Kipengele hicho kimoja kinabadilisha tabia kuliko vikao vyote, kwa sababu kwa mpango wenu wa sasa kila tatizo linaporudi yeye anaongeza kipato. Tenganisheni pia muda wa kuitika na muda wa kumaliza. Wakandarasi wanapenda kuahidi "tunaitika ndani ya saa 4", na kupokea simu ni kuitika.

Kabla mashine haijatoka, rekodi namba za vifaa vyake. Kwenye PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows): `Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, SerialNumber, Size` na `Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select Capacity, SerialNumber, Speed`. Ikirudi, rudia. RAM ya GB 16 kurudi ikiwa 8, au SSD nzuri kugeuka ya jina lisilojulikana, hutokea, na bila namba hamtakuwa na la kusema.

Angalia pia leseni: `slmgr /xpr`. Ikionyesha tarehe ya kuisha iliyo ndani ya siku 180 na ofisi yenu haina seva yake ya leseni, au ikitaja mwaka 2038, kuna uwezekano mkubwa Windows hiyo imefunguliwa kwa programu ya magendo. Hata ikisema ni ya kudumu, dai hati ya leseni. Programu za aina hiyo huomba antivirasi izimwe kwanza, kisha tunashangaa virusi vimeingilia wapi. Na akikuwekea Windows 10 mpya leo, mwulize kwa nini. Msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Haki itendeke upande wa pili. Ofisi iliyokataa kununua leseni haiwezi kumlaumu fundi peke yake. Na fundi hana namna ya kupima "imegoma tu". Mpe saa ilipotokea, programu iliyokuwa wazi, picha ya ujumbe wenyewe kabla mtu hajabonyeza OK, na kilichobadilika wiki hiyo. Chai ikimwagikia kibodi, semeni. Kioevu huendelea kula bodi kwa siku nyingi, na fundi asiyeambiwa anawasha mashine iliyolowa. Nakala za faili nazo ni jukumu la ofisi: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Kila mwezi chagua faili moja na uirudishe kutoka kwenye nakala. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haijulikani kama ipo.

Mkiamua kumbadilisha, msianze na barua. Anzeni na funguo: hakikisheni jina la tovuti limesajiliwa kwa ofisi, si kwa barua pepe yake, mnayo nywila ya rauta, ya msimamizi wa barua pepe na ya seva. Siku ya kumwachisha kazi badilisheni zote kwa mkupuo. Kwenye kila mashine andikeni `net localgroup Administrators` mwone nani ana mamlaka, na tafuteni AnyDesk, TeamViewer na jamaa zake (programu za kuendesha kompyuta ukiwa mbali) zilizowekwa kuingia bila kuulizwa. Akaunti msiyoijua izimeni kwa `net user jina /active:no`, msiifute bado. Huenda kazi ya kuchukua nakala usiku inatumia akaunti hiyo, na mtalijua hilo asubuhi kwa kutazama kama nakala ya jana imeandikwa.